Usiku Mmoja Jangwani Chalbi: Mwongozo kwa Mzazi na Mtoto

Jangwa la Chalbi limo katika Kaunti ya Marsabit, kaskazini mwa Kenya, kati ya Mlima Marsabit na Ziwa Turkana. Ni sakafu ya ziwa la kale. Miaka ipatayo elfu kumi iliyopita, mvua zilipokuwa nyingi kuliko za sasa, maji yalijaa bonde hili. Yalipokauka yaliacha uwanda mpana wa udongo mgumu uliofunikwa na utando mweupe wa chumvi. Upande wa kaskazini mashariki inaonekana Milima ya Huri, na kusini magharibi Mlima Kulal. Wenyeji wake ni Wagabra, wafugaji wa ngamia, mbuzi na kondoo, ambao huhamahama kufuata malisho na visima.

Uwanda huu uko karibu digrii tatu kaskazini mwa ikweta, mbali na taa za mji wowote mkubwa. Mambo hayo mawili ndiyo yanayoufanya ufae kutazamia nyota. Kwa kuwa uko karibu na ikweta, nyota za kaskazini na za kusini huonekana katika usiku mmoja. Na kwa kuwa hauna taa, jicho tupu linaweza kuona nyota elfu mbili hadi tatu kwa wakati mmoja. Mtoto aliyekulia Nairobi au Mombasa, ambako nyota zinazoonekana ni chache, hukutana hapa na anga ambayo babu zake waliiona kila siku.

Safari inayoelezwa hapa ni ya kutembea jioni, kulala jangwani na kurudi asubuhi. Inawezekana kwa mtoto mwenye afya wa kuanzia miaka saba au minane, mradi kila uamuzi upimwe kwa uwezo wake: kiu yake, mwendo wake, usingizi wake na hofu yake. Mzazi anayepanga safari kwa uwezo wake mwenyewe hujikuta amembeba mtoto mgongoni saa mbili usiku, na nyota hazitazamwi tena.

Msimu na mwezi

Mvua za Chalbi ni haba, lakini hunyesha hasa Aprili na Mei, kisha Oktoba hadi mapema Desemba. Mvua kidogo tu hugeuza uwanda kuwa tope linalonasa gari hadi ekseli, na utando wa juu unaweza kuonekana mkavu huku chini kukiwa na matope. Miezi inayofaa ni Juni hadi Septemba, na Januari hadi mwanzo wa Machi. Kati ya misimu hiyo, Juni hadi Agosti ndiyo afadhali kwa mtoto, kwa kuwa joto hupungua kidogo na sehemu angavu zaidi ya Njia Nyeupe, ukanda wa nyota za galaksi yetu, huwa juu ya kichwa mapema usiku.

Baada ya msimu, jambo la pili ni mwezi. Mwezi mpevu hufuta nyota zote hafifu, kwa hiyo tarehe ya safari huchaguliwa kwa kuhesabu siku za mwezi. Anayefuata kalenda ya Kiislamu anayo hesabu tayari mkononi. Kuanzia tarehe 26 hadi mwandamo, anga huwa giza karibu usiku kucha. Tarehe 14 na 15 mwezi huwaka tangu magharibi hadi alfajiri, na usiku huo hufaa kutembea kuliko kutazama nyota. Tangu tarehe 22 hivi mwezi huchomoza karibu saa sita usiku, ukichelewa takriban dakika 50 kila siku, hivyo saa za mwanzo za usiku hubaki na giza.

Kwa mtoto mdogo, usiku wa tatu au wa nne baada ya mwandamo una faida mbili. Mwezi mchanga huonekana magharibi mara jua linapotua, na mtoto anaweza kuutazama kwa darubini na kuona mashimo yake. Kisha unatua kati ya saa tatu na saa nne usiku hivi na kuacha giza kamili kabla hajashikwa na usingizi.

Zipo pia nyakati za vimondo. Vimondo vya Perseidi hufikia kilele usiku wa kuamkia Agosti 13, na huonekana vizuri zaidi baada ya saa nane usiku. Vya Geminidi hufikia kilele usiku wa kuamkia Desemba 14 na huanza kuonekana vizuri kuanzia saa nne usiku, jambo linalomfaa mtoto zaidi. Ila Desemba ni lazima kwanza kuhakikisha kwamba uwanda umekauka.

Usalama, wenyeji na njia

Hali ya usalama Marsabit hubadilika. Migogoro ya mifugo na malisho hutokea, na mwaka 2022 serikali iliweka amri ya kutotoka nje usiku katika kaunti hiyo. Kwa hiyo habari za mwaka uliopita hazitoshi. Mzazi huuliza hali ilivyo wiki ya safari kwa watu watatu tofauti: polisi au ofisi ya kaunti mjini Marsabit, chifu wa eneo la kambi, na mwongoza njia mwenyeji. Jibu la mmoja likiwa na shaka, safari huahirishwa.

Mwongoza njia Mgabra si anasa. Yeye ndiye anayejua kisima kipi kina maji, njia ipi imelainika, na familia zipi zimehamia wapi. Ardhi kubwa ya Chalbi ni ya jamii, ingawa haina uzio wala lango la kulipia, na mgeni hupiga hema kwa ruhusa. Ngamia mmoja au wawili wa kukodi hubeba maji na mizigo, na humpa mtoto aliyechoka mahali pa kukaa. Bei hukubaliwa mapema, kwa siku na kwa ngamia, ikiwemo chakula cha mwongozaji na cha mchungaji wake.

Kutoka Nairobi hadi mji wa Marsabit ni zaidi ya kilomita 500 za lami kupitia Isiolo. Mji huo uko mlimani, una hewa baridi na mara nyingi ukungu, na ndipo mahali pa kulala usiku wa kwanza, kujaza mafuta na kununua maji. Kutoka hapo barabara hushuka kaskazini hadi Bubisa, kisha huacha lami kuelekea Maikona na Kalacha, ikipita kwenye mawe meusi ya volkano kabla ya uwanda mweupe kufunguka. Kipande hiki huhitaji gari la magurudumu manne yanayovuta, matairi mawili ya akiba, koleo na, ikiwezekana, gari la pili. Mtandao wa simu hupatikana karibu na makazi na hupotea katikati. Ramani ya eneo hupakuliwa kwenye simu kabla ya kuondoka Marsabit, na mtu mmoja mjini huachiwa maandishi yenye jina la mwongozaji, mahali pa kambi na saa ambayo msafara unatarajiwa kurudi.

Kumpima na kumwandaa mtoto

Kipimo rahisi cha mtoto hufanyika nyumbani. Mwezi mmoja kabla ya safari, mzazi na mtoto hutembea kilomita nne jioni wakiwa na viatu na mikoba watakayoitumia. Mtoto anayemaliza bila malengelenge na bila kunung'unika sana yuko tayari. Mkoba wake usizidi sehemu ya kumi ya uzito wake: mtoto wa kilo 25 hubeba kilo mbili na nusu, yaani chupa ya maji, sweta, tochi na daftari. Mtoto aliyepewa mzigo mdogo wa kwake hujiona msafiri. Asiyebeba kitu hujiona mzigo.

Usiku mmoja wa kulala ndani ya hema uani, au kijijini kwa bibi, humzoesha sauti za usiku na choo cha nje. Hofu ya giza haiondolewi kwa kumcheka. Hupungua anapojua mapema nini kitatokea: jua litatua, giza litaingia haraka, upepo utapiga hema, mbweha huenda wakalia kwa mbali, na mzazi atalala karibu naye.

Mtoto mwenye pumu hupelekwa kwa daktari kwanza, kwa sababu vumbi la chumvi huwasha kifua. Mwenye selimundu, kisukari au ugonjwa wa moyo hahatarishwi mahali palipo mbali hivi na hospitali kubwa. Kwake anga ya Marsabit mjini, au ya kijiji chochote chenye giza, inatosha.

Maji na chakula

Mchana wa Chalbi joto hupita nyuzi 35 za Selsiasi, na upepo hukausha jasho kabla halijaonekana. Mtoto hupata joto upesi kuliko mtu mzima, hutoka jasho kidogo kuliko yeye, na akiwa mchezoni husahau kiu. Hivyo hanyweshwi kwa kungoja aombe: hupewa mafunda kadhaa kila baada ya dakika 15 au 20 anapotembea. Rangi ya mkojo ni kipimo ambacho hata mtoto hukielewa. Ukiwa mweupe au wa manjano hafifu, mambo ni sawa. Ukigeuka rangi ya chai, ni wakati wa kukaa kivulini na kunywa.

Kwa siku nzima ya joto, mtu mzima anayetembea hutengewa lita sita za kunywa na mtoto lita nne. Pamoja na kupika na kunawa, dumu la lita 20 hutosha mzazi na mtoto kwa usiku mmoja, na dumu la pili la kiasi hicho hicho hukaa ndani ya gari kama akiba isiyoguswa. Maji ya mwongozaji huhesabiwa kando. Visima na chemchemi za huku, hata za Kalacha, mara nyingi zina ladha ya chumvi, na mifugo ndiyo yenye haki ya kwanza; maji ya kunywa hutoka Marsabit.

Chakula kizuri ni kile ambacho mtoto anakijua. Jangwani si mahali pa kumwonjesha vyakula vigeni. Chapati, mayai ya kuchemsha, karanga, tende na ndizi huliwa njiani. Jioni hupikwa wali au tambi kwenye jiko dogo la gesi, kwa kuwa kuni ni chache na miti ya wenyeji haikatwi. Nyirinyiri, nyama iliyokaangwa na kuhifadhiwa katika mafuta, hununuliwa Marsabit na haiharibiki upesi. Maziwa ya ngamia ni ukarimu mkubwa wa Wagabra. Hupokewa kwa mikono miwili, lakini ya mtoto huchemshwa kwanza, kwani maziwa mabichi huweza kuleta ugonjwa wa bruselosisi.

Mavazi na vifaa

Nguo nyepesi za pamba zenye mikono mirefu hukinga kuliko mafuta ya ngozi peke yake. Kofia yenye ukingo mpana huhitaji kamba ya kidevuni, la sivyo upepo huichukua. Leso au kikoi hufunika pua vumbi linapoinuka na hugeuka kivuli adhuhuri. Miwani ya jua ni ya lazima kwa mtoto pia, kwa kuwa chumvi nyeupe huakisi jua na kuumiza macho kutoka chini. Viatu huwa vya kufunika vidole, vilivyokwisha kuzoewa, pamoja na jozi mbili za soksi.

Usiku wa Chalbi hauna baridi kali ya majangwa ya kaskazini mwa Afrika. Mara nyingi joto halishuki chini ya nyuzi 20. Adui wa usiku ni upepo. Hewa inayopita kati ya nyanda za juu za Kenya na za Ethiopia hubanwa hapo na kuongeza kasi, hasa usiku na alfajiri. Ni upepo huo huo unaozungusha mitambo ya umeme karibu na Loiyangalani. Sweta moja, shuka nzito na mfuko mwepesi wa kulalia humtosha mtoto, mradi hema liwe imara.

Vifaa vya kutazamia anga ni vichache. Darubini ya macho mawili yenye ukuzaji wa mara saba hadi kumi hufaa kuliko darubini kubwa ya bei nafuu, kwa sababu mtoto huishika mwenyewe na kuona eneo pana. Tochi ya kichwa hufunikwa kwa karatasi nyekundu ya nailoni. Huongezwa mkeka mkubwa, ramani ya nyota, daftari na penseli. Sanduku la dawa huwa na parasetamoli ya kipimo cha mtoto, pakiti za chumvi za kurudisha maji mwilini, plasta, bendeji pana, dawa ya mzio na dawa zozote anazotumia kila siku.

Mwendo wa jioni na wa asubuhi

Ratiba ya salama huacha saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri ziwe za kivuli. Msafara hufika Kalacha au Maikona kabla ya adhuhuri, hupumzika, na mtoto hulala usingizi wa mchana ili abaki macho usiku. Kutembea huanza kama saa kumi na robo. Jua hutua karibu saa kumi na mbili na nusu, na kambi hupaswa kuwa imesimama kabla ya hapo. Mtoto huenda kilomita mbili na nusu hadi tatu kwa saa akiwa na mapumziko, hivyo kilomita nne ndiyo kadiri ya jioni moja. Asubuhi msafara huondoka saa kumi na mbili na nusu na kurudi mapema, kabla ya jua kukaza.

Mwongozaji hutangulia, mtoto hufuata, mzazi huwa nyuma yake. Anayetembea nyuma ndiye anayeona mguu unaochechemea. Vituo vya dakika tano huwekwa kila baada ya nusu saa, kila kimoja na kazi yake: kutazama nyayo za mbuni au choroa, kuvunja kipande cha utando wa chumvi na kuona udongo wa ziwa chini yake, kupima kivuli cha fimbo kinavyorefuka. Maswali ya mtoto hujibiwa hapo, si katika mwendo.

Uwanda ulio tambarare pande zote hupoteza watu kwa urahisi, kwa kuwa hakuna alama ya karibu. Mtoto huvaa filimbi shingoni na hufundishwa kanuni moja: akiwa hamwoni mtu yeyote, asimame alipo na apulize mara tatu, apumzike, arudie. Mahali pa gari na pa kambi huwekwa alama kwenye ramani ya simu kabla ya kuondoka.

Kambi

Mahali pa kambi huchaguliwa kwa kuepuka mambo manne. La kwanza ni laga, yaani mkondo mkavu wa mto, hata kama mchanga wake ni laini: mvua iliyonyesha milimani bila kuonekana inaweza kuleta mafuriko usiku. La pili ni njia ya mifugo iendayo kisimani. La tatu ni ukingo wa maji wenye mikoma, ambako mbu ni wengi na wanyama huja kunywa gizani. La nne ni karibu na vichuguu na nyufa za udongo, maficho ya vijidudu vidogo virukavyo vinavyoeneza kala-azar, ugonjwa uliowahi kuzuka Marsabit. Chandarua chenye matundu madogo, kilichotiwa dawa, hufungwa ndani ya hema.

Mlango wa hema hugeuziwa upande usio na upepo. Kwa kuwa upepo mkuu hutoka kusini mashariki, hutazama kaskazini magharibi. Vigingi vifupi havishiki katika udongo wa chumvi, hivyo mifuko iliyojazwa mchanga hufungwa kwenye kamba.

Nge na nyoka aina ya kipiri wapo, ingawa si kila usiku huonekana. Viatu hulala ndani ya hema na hukung'utwa kabla ya kuvaliwa, mawe hayageuzwi kwa mkono, na hakuna anayetembea bila viatu wala bila tochi. Nge hung'aa rangi ya kijani akimulikwa kwa tochi ya miali ya urujuanimno. Tochi ndogo ya aina hiyo humwezesha mzazi kukagua eneo la mkeka, na mtoto hujifunza kuangalia anapokaa.

Choo huchimbwa kwa koleo, kina cha kama sentimita 20, mbali na kisima na njia, na mtoto hasindikizwi na mwenzake bali na mzazi. Takataka zote, hata maganda ya mayai, hurudi Marsabit.

Anga kwa saa zake

Karibu na ikweta jua huzama wima, na giza huingia upesi: saa moja na robo hivi baada ya machweo usiku huwa kamili. Muda huo hutosha kula na kunawa. Kisha taa zote huzimwa, kwa sababu jicho huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na mwanga mmoja wa simu huharibu kazi hiyo yote. Mwanga mwekundu hauharibu sana. Mtoto anaweza kujithibitishia jambo hili kwa kuhesabu nyota za kipande kimoja cha anga mara tu taa zinapozimwa, halafu kukihesabu tena baada ya nusu saa.

Katika Julai, mnamo saa mbili usiku, kundi la nyota la Salibu ya Kusini husimama chini upande wa kusini magharibi kidogo, likifuatwa na nyota mbili angavu. Moja ya hizo ni Rijili Kantori, jirani wa jua letu, iliyo umbali wa miaka ya nuru 4.4: mwanga unaoingia jichoni mwa mtoto wa miaka minane ulitoka huko alipokuwa na miaka mitatu na ushee. Hesabu hiyo hueleza umbali kuliko tarakimu za kilomita. Wakati huo huo kundi la Dubu Mkubwa huonekana kaskazini magharibi. Mtu wa Ulaya hawezi kuiona Salibu akiwa kwao, na mtu wa kusini kabisa mwa dunia hamwoni Dubu. Chalbi humpa mtoto wote wawili kwa kugeuza shingo. Nyota ya kaskazini iko digrii tatu tu juu ya upeo na kwa kawaida humezwa na vumbi.

Kusini mashariki hupanda Akarabu, kundi lenye umbo la nge, rahisi kutambulika kwa mkia wake uliopinda na nyota nyekundu kifuani. Kufikia saa nne na nusu, Njia Nyeupe hupita juu toka kusini hadi kaskazini mashariki, na sehemu yake nene karibu na mkia wa Akarabu ndiyo upande wa kitovu cha galaksi. Madoa meusi ndani yake si matundu. Ni mawingu ya vumbi yanayoziba nyota zilizo nyuma.

Katika Januari na Februari anga ya jioni ni nyingine: kundi la Jabari na nyota tatu za mshipi wake juu ya kichwa, Shira iliyo angavu kuliko nyota zote za usiku, nyota ya Suheli upande wa kusini, na Kilimia, kishada kidogo cha nyota ambacho wakulima wa pwani walikitumia kutambua majira. Mtoto huhesabu nyota za Kilimia kwa macho, kisha kwa darubini, na kulinganisha.

Sayari hutofautiana kila mwaka, hivyo ramani ya mwezi husika huangaliwa kabla ya safari. Sayari ya Mshtarii ikiwa juu, darubini iliyoegemezwa kwenye gari huonyesha vitone karibu yake: miezi minne ambayo mwanasayansi Galileo aliiona mwaka 1610. Nukta inayosafiri taratibu bila kumeta ni setilaiti. Hapo pana nafasi ya kumsimulia mtoto kwamba tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, na kwamba ilikuwa ya kwanza kutengwa kwa uchunguzi wa miali ya eksirei kutoka angani.

Vitu vitatu au vinne kwa usiku vinatosha. Mtoto hulala chali kwenye mkeka, huonyeshwa kimoja, huachwa akitafute mwenyewe, kisha hukichora. Anapoanza kuuliza saa ya kulala, somo limekwisha, hata kama Akarabu bado haijafika juu.

Kipindi cha pili ni alfajiri. Akiamshwa saa kumi na moja kasorobo katika Agosti, mtoto huona Kilimia na Jabari vikiwa vimepanda mashariki, yaani anga ya jioni ya Januari imekuja mapema. Nguzo hafifu ya mwanga inayosimama upande wa mashariki kabla ya mapambazuko ni alfajiri ya uongo, inayojulikana sana kwa wanaosubiri sala. Husababishwa na mwanga wa jua unaoakisiwa na vumbi lililotanda katika njia za sayari, na karibu na ikweta huonekana vizuri kuliko mahali pengi duniani kwa kuwa husimama karibu wima.

Dharura

Dalili za kuzidiwa na joto ni kichwa kuuma, kichefuchefu, uchovu usio wa kawaida na ngozi yenye jasho la baridi. Mtoto hulazwa kivulini, hulegezwa nguo, hupepewa na kulowanishwa, na hupewa maji ya chumvi na sukari kidogo kidogo. Pakiti za dukani zikikosekana, lita moja ya maji safi huchanganywa na vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Akichanganyikiwa, akitapika mfululizo au akizimia, huo ni ugonjwa mkali wa joto: hapewi kitu mdomoni, huendelea kupozwa kwa maji na upepo, na gari huondoka papo hapo.

Aliyeumwa na nyoka hutulizwa, huvuliwa pete na viatu, na kiungo kilichoumwa hufungwa kwa kigango ili kisisogee. Jeraha halichanjwi, halinyonywi, halifungwi kamba ya kuzuia damu. Mgonjwa hubebwa, hatembei. Sumu ya kipiri huzuia damu kuganda, hivyo hospitali ya rufaa ya Marsabit ndiyo inayolengwa hata kama maumivu ni madogo. Kwa sababu hiyo dereva na gari hubaki umbali usiozidi kilomita tano kutoka kambini usiku kucha. Wanaosafiri mara kwa mara kaskazini hulipia mapema bima ya kusafirishwa kwa ndege, kama ile ya huduma ya madaktari warukao ya Amref, na huandika nambari yake ndani ya sanduku la dawa.

Baada ya kurudi

Siku ya kurudi haifai kuendesha gari hadi Nairobi. Usiku wa pili Marsabit humpa mtoto nafasi ya kuoga, kunywa na kulala. Ngozi yake hukaguliwa kutafuta kupe, miiba na malengelenge. Michoro ya daftari hulinganishwa na ramani ya nyota kabla ya kusahaulika, na makosa hurekebishwa naye akiwepo.

Homa ikimpata katika wiki zinazofuata, mzazi humwambia daktari waziwazi kwamba mtoto alilala Chalbi na tarehe yake, ili malaria ipimwe siku hiyo hiyo. Homa isiyokwisha wiki mbili au zaidi, ikiambatana na kukonda na tumbo kuvimba upande wa kushoto, hudai pia kipimo cha kala-azar, hata ikitokea miezi kadhaa baada ya safari.